Mbele ya kamera au nyuma yake? Vifaa vya seti na vitu vya kikosi cha filamu za mashujaa

Anayeanza kukusanya vitu vya filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu hukuta mafungu mawili sokoni. La kwanza ni vitu vilivyosimama mbele ya kamera: vifaa vya seti na maleba, kama ngao, nyundo, barakoa, mikanda, kadi na noti za bandia. La pili ni vitu vya kikosi kilichofanya kazi nyuma ya kamera: majaketi yaliyotariziwa, kolishiti (ratiba ya siku moja ya kupiga picha), skripti, klapa (kibao kinachogongwa mbele ya kamera mwanzo wa kila picha), kitambaa cha mgongo wa kiti, beji na zawadi za siku ya kufunga kazi. Wauzaji huyatangaza mafungu yote mawili kwa neno moja, "halisi", na hapo ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Kifaa cha seti kinatolewa ushahidi na filamu yenyewe. Kitu cha kikosi kinatolewa ushahidi na mtu aliyekipokea. Ukinunua ukiwa Mombasa, Dodoma au Muscat, jiulize kwanza ni shahidi yupi unayeweza kumhoji ukiwa hapo ulipo.

Ngao moja, aina nne

Kifaa unachokiona mara moja kwenye filamu kwa kawaida ni vifaa kadhaa. Kwa filamu ya Captain America ya mwaka 2011, idara ya vifaa ilitengeneza ngao za aina nne: ya alumini kwa picha za karibu; nyepesi kidogo, yenye uso wa alumini na mgongo wa faiba, ya matumizi ya kila siku; ya poliyurethani, yaani mpira wa kiwandani, kwa matukio ya kupigana; na laini kabisa ya kubebwa mgongoni ili mwigizaji akipata ajali isimuumize. Zote nne ni halisi, ila ya alumini na ile ya mpira haziwezi kuuzwa bei moja.

Basi mwulize muuzaji mambo manne kabla ya bei: ni ya aina gani, imetengenezwa kwa nini, ina uzito gani, ina upana gani. Mwenye kifaa mkononi hahitaji zaidi ya mzani na futi ya fundi cherehani kukujibu siku hiyohiyo. Anayekujibu kwa sifa za filamu badala ya gramu, huenda kifaa chenyewe hana.

Soma pia maneno ya tangazo kama wakili anavyosoma mkataba. "Kilitengenezwa kwa ajili ya filamu" maana yake kinaweza kuwa kililala bohari tangu mwanzo hadi mwisho. "Kilitumika kwenye uzalishaji" maana yake kilifika seti, hata kama kamera haikukiona. "Kimelinganishwa na picha" maana yake mtu amekaa na filamu akakuta alama za kifaa hichohicho kwenye fremu fulani, yaani picha moja kati ya zile zinazounda filamu. Kila ngazi ina bei yake, na muuzaji mjanja hukuuzia ngazi ya kwanza kwa bei ya tatu.

Kuna mtego mwingine ambao mashabiki wa filamu za zamani hawaujui: vazi ambalo halijawahi kuwepo. Yale mavazi meupe ya kusafiri kwenye wakati katika Avengers: Endgame (2019) yalichorwa yote kwa kompyuta. Vazi la kijani la Green Lantern ya 2011 vilevile. Ukiona tangazo la "vazi halisi lililovaliwa" la aina hiyo, huna haja ya kuomba picha zaidi. Kwa filamu za miaka ya karibuni, tafuta kwanza habari za jinsi picha zilivyotengenezwa, ujue kipi kilishonwa na kipi kilichorwa.

Kulinganisha kifaa na filamu, hatua kwa hatua

Hii ndiyo nguvu kubwa ya kifaa cha seti: hata ukiwa maelfu ya kilomita kutoka kilipo, unaweza kukikagua mwenyewe.

Anza kwa kuomba picha za mbele, nyuma, pande zote mbili na ndani, kisha picha moja yenye taa iliyolazwa ubavuni ili kila mkwaruzo utupe kivuli. Ziwe picha za kamera kama zilivyotoka. Zilizopitia WhatsApp zimebanwa na alama ndogo zimeshafutika. Mwombe azitume kama faili au kwa barua pepe.

Halafu pata filamu kwenye diski ya Blu-ray au 4K. Filamu ya kutiririshwa mtandaoni hubanwa zaidi, na alama za rangi hugeuka matope. Sekunde moja ina fremu 24, na nyingi zina ukungu wa mwendo, kwa hiyo tafuta pale mwigizaji anaposimama kuzungumza, si pale anaporuka.

Sasa tafuta alama zinazofaa. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Vifaa vya rezini (plastiki ya maji inayoganda) na mpira humwagwa kwenye kalibu, na kalibu yenye kasoro huizaa kasoro hiyo kwa kila kitoto chake. Kiputo kwenye pembe ya kifaa kinaweza kuwa kwenye nakala zote ishirini, hata kwenye ile aliyoikopi shabiki nyumbani kwake. Alama zenye maana ni zile zilizokuja baada ya kalibu: tone la rangi lililochuruzika, mkwaruzo, mshono wa mkono uliopinda, kovu la ngozi ya mnyama, mistari ya mbao. Usiridhike na moja. Tafuta angalau tatu, na umbali kati yao ulingane na wa kwenye fremu. Zikikataa, igeuze picha kama kwenye kioo kabla ya kukata tamaa, maana wahariri wakati mwingine hugeuza picha kulia kushoto.

Kisha fikiria kama mwizi. Mtu mwenye nakala na filamu ileile anaweza kuikwaruza nakala yake ifanane. Mkwaruzo mpya una kingo kali na rangi safi ndani yake. Wa zamani umeingia jasho na vumbi, na kingo zake zimelainika.

Vitu vya kikosi: majina ya kujificha

Jaketi la kikosi huwezi kulilinganisha na fremu, kwa sababu halikuwahi kuwa mbele ya kamera. Ushahidi wake ni mwingine, na unaanza na jina. Filamu kubwa hupigwa picha chini ya jina la kujificha ili mashabiki na waandishi wasijae eneo la kazi, na jina hilo ndilo huandikwa kwenye vibao, kolishiti na nguo za kikosi. The Dark Knight (2008) ilipigwa picha kwa jina la Rory's First Kiss, na The Dark Knight Rises kwa Magnus Rex. Avengers ya 2012 ilikuwa Group Hug. Captain America ya kwanza ilikuwa Frostbite, ya pili Freezer Burn. Spider-Man: Homecoming ilikuwa Summer of George, na Black Panther ilikuwa Motherland.

Kuyajua majina haya kuna faida ya pili. Nguo za mitumba zinazotoka Marekani hupita mikononi mwa wachambuzi wasio na habari na Rory wala George. Anayepitia mabunda ya Gikomba au Karume hapotezi kitu akisoma maandishi yaliyotariziwa kifuani kabla ya kutazama saizi.

Lakini jina la kujificha likishajulikana, hata mwenye duka la kuchapa fulana analijua. Fulana iliyochapwa ndiyo rahisi zaidi kuigiza, kwa hiyo kama pesa ni chache chagua kilichotariziwa. Ligeuze jaketi ndani nje: nyuma ya tarizi kuwe na kitambaa cha kuimarisha kilichokatwa, na nyuzi zilizolala sawa na kuchakaa pamoja na jaketi. Tarizi inayong'aa kwenye jaketi lililopauka iliongezwa juzi. Lebo ya ndani nayo ina umri. Lebo ya muundo ulioanza baada ya filamu kutoka inamaliza mazungumzo. Majaketi yenye jina la idara, kama stanti (wanaofanya matukio ya hatari), umeme au maleba, huwa na thamani zaidi ya yale ya jumla, kwa sababu yalikuwa machache na yanakuelekeza kwa watu wanaoweza kuulizwa.

Kolishiti ni karatasi tu, lakini imejaa mambo ya kupima: tarehe, siku ya ngapi kati ya ngapi, namba za matukio, mahali, saa ya kila idara kuripoti, jua kuchomoza na kuzama, hali ya hewa, hospitali ya karibu. Pima kila kimoja. Motherland, yaani Black Panther, ilipigwa picha kati ya Januari na Aprili 2017, sehemu kubwa Atlanta, na mwezi Machi kazi ikafika Busan, Korea Kusini. Kolishiti yenye jina hilo na tarehe ya Agosti 2017 inahitaji maelezo: ama ni siku za kurudia picha, ama ni uongo. Saa ya jua kuzama ni kipimo kizuri ambacho waghushi hukisahau, kwani kikokotoo chochote cha jua mtandaoni kinakupa saa ya mji huo kwa siku hiyo. Ukiitundika ukutani au kuipiga picha, ziba majina na namba za simu. Ni za watu walio hai.

Skripti zina tatizo lake. Nyingi zina jina au namba ya mpokeaji iliyochapwa kwa rangi hafifu kukatisha kila ukurasa, ili ikivuja ajulikane aliyeivujisha. Skripti ambayo alama hiyo imefutwa au kukatwa ni ya kuachwa.

Kuhusu klapa, maneno machache. Klapa za kielektroniki zinazoonyesha saa, kama za kampuni ya Denecke, kwa kawaida ni mali ya fundi sauti, msaidizi wa kamera au kampuni ya kukodisha, na hurudi kazini filamu ikiisha. Zinazouzwa kihalali mara nyingi ni za akriliki zisizo na saa. Klapa iliyofanya kazi ina gundi ya tepu iliyoganda, wino uliofutwa mara mia, na ncha za fimbo zilizobonyea kwa kugongwa. Iliyo safi kama sahani ya harusi ilitengenezwa kuwa pambo.

Nani ana haki ya kuuza

Hapa vitu vya kikosi vinashinda waziwazi. Jaketi lilitolewa zawadi. Aliyepewa ndiye mwenyewe. Kifaa cha seti na maleba ni mali ya studio mpaka studio itakapoamua kuviuza au kuvigawa, na mfanyakazi aliyeondoka na barakoa mkobani hakuwa na haki ya kukuuzia. Si hofu ya bure. Mwaka 2001 mavazi manne ya Spider-Man yaliibwa kwenye eneo la studio, na studio ikatangaza zawadi ya dola 25,000 kwa atakayesaidia kuyapata. Mwaka 2018 polisi wa Los Angeles walipokea taarifa kwamba vazi la Iron Man la thamani ya dola 325,000 limetoweka kwenye bohari lililoko Pacoima. Ukinunua mali ya wizi, ikipatikana inarudi kwa mwenyewe, na pesa zako unazifuata kwa aliyekuuzia, kama bado anapokea simu.

Kwa hiyo kifaa cha seti kifuate mnyororo: studio, mnada au duka, mnunuzi wa kwanza, wewe, na karatasi kila hatua. Studio zenyewe zimewahi kuuza hadharani. Mwaka 2012, nyumba ya mnada ya Profiles in History ilinadi Chicago vifaa vya Captain America ya kwanza, pamoja na vya Iron Man na Thor. Mwaka 2018, Propstore ilinadi vya tamthilia za Marvel kama Daredevil na Luke Cage. Kitu chenye namba ya fungu la mnada wa namna hiyo unaweza kukilinganisha na picha ya katalogi. Cheti cha uhalisi kina uzito wa aliyekitoa tu. Kilichochapwa na muuzaji mwenyewe ni risiti iliyovaa suti.

Hesabu kamili, mpaka mlangoni

Juu kabisa, vifaa vya seti havina dari: joho la Superman alilovaa Christopher Reeve liliuzwa na nyumba ya mnada ya Julien's mnamo Desemba 2019 kwa dola 193,750. Chini, mafungu yote mawili hukutana kwenye mamia ya dola. Tuseme umeshinda mnada kwa dola 400. Nyumba nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi, na asilimia 25 ni ya kawaida, umefika 500. Usafiri na bima, tuseme 120. Sasa ni 620, na hapo ndipo forodha inaanza kuhesabu.

Kifaa cha plastiki kikiwekwa kwenye kundi la ushuru wa asilimia 25 la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru ni dola 155. Ongeza VAT: Kenya asilimia 16 ya 775, yaani 124, jumla 899. Tanzania asilimia 18, yaani 139.50, jumla 914.50. Jaketi la bei ileile hutoka ghali zaidi, kwa sababu nguo ziko kwenye kundi la asilimia 35: ushuru 217, kisha VAT, na unafika karibu 971 Kenya na 988 Tanzania. Bado tozo ndogondogo za kuingiza mzigo na ada ya wakala. Karatasi kama kolishiti ni nyepesi na usafiri wake ni mdogo, hivyo kwa hesabu hii ndiyo inayosafiri kwa nafuu zaidi.

Ukiwa na ndugu Dallas, ambako ni makao ya nyumba ya mnada ya Heritage, anaweza kukupokelea mzigo, lakini ataongezewa kodi ya mauzo ya huko, asilimia 8.25. Uingereza VAT ni asilimia 20. Mnada wa London ukikusafirishia mwenyewe nje ya nchi, uliza kabla ya kuweka dau ni sehemu gani ya kodi hiyo itaondolewa.

Chochote chenye umbo la bunduki, hata cha mpira, kiache mpaka uwe na idhini ya maandishi ya mamlaka ya silaha ya nchi yako. Kwenye mashine ya bandarini, umbo la bunduki ya mpira linafanana na la bunduki ya chuma.

Unyevu ndio unaoamua

Msomaji wa London anaweza kuruka sehemu hii. Wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar asiiruke, maana ndiyo inayopaswa kuamua anunue nini.

Maleba mengi ya mashujaa yametengenezwa kwa sponji ya lateksi au ya poliyurethani. Mavazi ya Batman ya 1989 ni mfano maarufu wa lateksi. Lateksi hushambuliwa na oksijeni na mwanga: hukauka, hukakamaa, hupasuka, mwisho hubomoka kama keki ya juzi. Poliyurethani, hasa ya aina ya esta, huliwa na unyevu; maji ya hewani hukata minyororo yake, inakuwa nata, kisha unga. Katika nyumba ya kawaida sponji hizi zinaweza kuanza kubomoka ndani ya miaka 20 au 30, na joto la pwani hufupisha muda huo. Hakuna dawa inayorudisha sponji iliyokwisha. Anayekuuzia barakoa ya miaka ya 1990 "kama mpya" ama amebadilisha sponji, ama hajaigusa ndani.

Makumbusho hulenga joto la nyuzi 18 hadi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Unyevu wa pwani yetu mara nyingi hupita 75. Kiyoyozi kinachowashwa jioni na kuzimwa asubuhi hudhuru zaidi kuliko kutokuwepo, kwa sababu kitu hupanuka na kusinyaa kila siku. Kwa anayeng'ang'ania sponji pwani, njia inayowezekana ni sanduku la kufungika vizuri, pakiti za jeli ya silika na kipimo kidogo cha unyevu ndani yake. Kipimo kikipanda juu ya 55, zikaushe pakiti kwenye oveni ya moto mdogo. Ndani ya barakoa weka povu la polithini lililochongwa kufuata umbo, isijikunje. Usifunge kwa nailoni ya jikoni. Hunasa unyevu na asidi inayotoka kwenye sponji yenyewe.

Rezini ngumu, faiba na alumini huvumilia. Rezini huwa njano kwenye jua, alumini huota madoa meupe kwa chumvi ya bahari, lakini vyote vitafika kwa wajukuu. Plastiki laini ya PVC hutoa mafuta ikawa nata. Isigusane na kitu chenye rangi.

Jaketi linataka hanga pana, mfuko wa pamba na kutundikwa mbali na ukuta wa nje. Kuvu likiota, peleka jaketi kivulini penye upepo likauke kabisa kabla ya kulipiga brashi. Ukilipangusa kuvu likiwa bichi unalipaka ndani ya nyuzi. Karatasi weka kwenye mfuko wa poliesta, kamwe si wa PVC, kisha kwenye kasha lililoinuliwa sakafuni. Adui wa karatasi kwetu ni mchwa na mende kabla hata ya unyevu.

Ushauri wetu ni huu: anayeishi pwani bila chumba kinachodhibitiwa asinunue sponji kwa bei yoyote. Achukue jaketi lenye idara na barua ya aliyelivaa, au kolishiti, na kama lazima awe na kitu cha mbele ya kamera, kiwe kigumu. Anayeishi Nairobi, Arusha au Kigali ana hewa rafiki zaidi na anaweza kufikiria maleba. Anayenunua ili auze baadaye achukue kifaa cha seti kilicholinganishwa na picha, hata kiwe kidogo. Mnunuzi wa kesho ataweza kuhakikisha mwenyewe, wakati aliyetoa barua ya jaketi atakuwa hapatikani tena.

Kununua na kupokea

Kwa mfanyakazi anayeuza mwenyewe, omba barua iliyosainiwa yenye idara, cheo, jina la filamu, jinsi alivyokipata na maelezo ya kitu chenyewe, pamoja na picha ya barua ikiwa kando ya kitu. Jina lake lionekane kwenye majina ya mwisho wa filamu, ingawa si wote huandikwa: wasaidizi wa siku chache mara nyingi huachwa, na hao ndio wa kudaiwa kolishiti au hati ya malipo. Lipa kwa njia inayoweza kurudisha pesa. Anayesisitiza uhamisho wa benki pekee mwache.

Mzigo ukifika, washa video kabla ya kukata tepu, anzia lebo ya nje hadi kitu kitoke. Madai ya bima huwa na siku chache. Kitu kilichotoka kwenye ndege ya baridi kikae ndani ya kasha lililofungwa saa 24 kabla ya kufunguliwa, hasa rangi na chuma. Ukikifungua mara moja kwenye joto la Dar, umande utakiganda juu kabla hujakiona vizuri. Kipime uzito, ulinganishe na gramu ulizopewa na muuzaji, kisha kipige picha zilezile ulizoomba mwanzo, pamoja na ile ya taa ya ubavuni.